Watoto wa Australia waachwe waseme kweli kuhusu wanyama wao

Miongoni mwa kazi ambazo walimu wa shule za msingi huko Australia huwapa wanafunzi wao, ipo moja ambayo kwa mtazamo wa kwanza yaonekana kuwa mchezo mtupu. Watoto wa miaka minane, tisa au kumi huambiwa kila mmoja achague mnyama wa nchi yake, amchunguze, aandike maelezo mafupi, kisha asimame mbele ya kamera na kumweleza mnyama huyo kwa dakika mbili au tatu. Video hizo hazikusudiwi ulimwengu mzima. Hupelekwa kwa darasa moja la ng'ambo, pengine Indonesia, pengine Japani au Uingereza, ambako watoto wa rika lao wanazisubiri ili nao wajibu kwa video zao.

Nathubutu kusema kwamba kazi hiyo ni nzito kuliko wanavyodhani wazazi wengi, na hata baadhi ya walimu wanaoitoa. Yaweza kumfunza mtoto mambo ambayo vitabu vitatu vya sayansi havitamfunza. Yaweza pia kuharibika ikawa upuuzi wa kupendeza macho. Kinachoamua si ubora wa kamera wala ufasaha wa mtoto. Kinachoamua ni kama mtoto ameruhusiwa kusema kweli yote kuhusu mnyama aliyemchagua, au ametakiwa atume postikadi.

Wapo watakaouliza: haya yatuhusu nini sisi wa Kenya? Yanatuhusu kwa kuwa sisi nasi tunajua adha ya kuwa nchi ya wanyama machoni pa wageni. Ni Mkenya gani aliyepata kusoma ng'ambo asiulizwe kama simba huzurura nyuma ya nyumba yao? Mwaustralia naye huulizwa kama kangaruu huruka barabarani mjini Sydney, na kama watoto huenda shuleni wakiwa wamebebwa mfukoni mwake. Isitoshe, Australia imo mashambani mwetu. Mkaratusi tunaoupanda kwa ajili ya nguzo na kuni, na ambao tunaulaumu kwa kunyonya maji kandokando ya mito, ulitoka huko na kuletwa hapa mnamo 1902 ili kuipa reli ya Uganda kuni za kuendeshea magari yake ya moshi. Ndio mti ambao majani yake, yaliyojaa mafuta makali na yasiyo na lishe ya kutosha, ni chakula cha koala. Basi tunayo haki ya kuwa na maoni.

Tuanze kwa kuwatendea haki Waaustralia. Kumfunza mtoto kusema na mtu asiyemwona si jambo walilojifunza jana simu za kisasa zilipofika. Nchi yao ni pana kupindukia, na katikati yake zimo familia za wafugaji ambazo jirani wa karibu yuko mwendo wa saa kadhaa. Mnamo 1951, mjini Alice Springs, ilianzishwa shule ya hewani, ambamo mwalimu alikaa mbele ya redio ya mawimbi mafupi na wanafunzi wake wakamsikiliza kila mmoja akiwa nyumbani kwao, mamia ya kilomita mbali. Mtoto wa ranchi alibonyeza kitufe, akasubiri zamu yake, akasema. Alijifunza mapema kwamba anayesikiliza haoni anachokiona yeye, na kwamba ukisema tu "hiki hapa" hujasema lolote. Video za leo ni wajukuu wa redio ile.

Aidha, kurekodi kuna sababu ya kawaida kabisa. Watoto wa Melbourne wanapoingia darasani asubuhi, wenzao wa Uingereza wako kitandani. Kuzungumza ana kwa ana kwa mtandao kungemlazimu mmoja aamshwe usiku. Video husubiri mpaka mwenyewe aamke, anywe chai na kuketi. Tena yaweza kutazamwa mara ya pili, jambo ambalo lina faida kubwa ikiwa watazamaji wenyewe wanajifunza Kiingereza kama lugha ya kigeni, kama walivyo watoto wa Indonesia na Japani.

Sasa tutazame kinachomkabili mtoto anayemchagua kangaruu. Darasani kwake kila mtu anamjua. Lakini huko anakopeleka video hakuna aliyewahi kumwona ila katika picha. Atasema kangaruu ana mfuko. Mfuko wa namna gani? Uko wapi? Mtoto wake anaingiaje humo? Ndipo mwanafunzi anapolazimika kutafuta, na akitafuta atakuta ajabu: kwamba kangaruu huzaliwa akiwa hana manyoya, kipofu, mkubwa kiasi cha haragwe, na kwamba kiumbe hicho hujikokota chenyewe kwa mikono yake miwili juu ya manyoya ya mama mpaka kifike mfukoni, kishike chuchu na kukaa humo miezi mingi. Akimchagua wombati, mnyama mnene afukuaye mashimo, atagundua kwamba mfuko wake umeelekea nyuma, ili mama anapochimba mchanga usimmwagikie mtoto. Hayo mtoto wa Australia huenda asingeyauliza maisha yake yote, kwa kuwa aliyezoea kitu hakiulizi. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Na hapa mgeni hakuhitaji hata kufika.

Yupo pia platipasi, ambaye kisa chake kingetosha kipindi kizima. Mwishoni mwa karne ya 18 ngozi yake ilipelekwa Uingereza kutoka koloni changa la New South Wales. Mtaalamu George Shaw, aliyeandika habari zake mnamo 1799, hakuyaamini macho yake. Aliona mdomo wa bata uliobandikwa kwenye mwili wa mnyama mwenye manyoya, akashuku kwamba kuna fundi mjanja aliyeshona vitu viwili pamoja ili kuwahadaa wasomi. Hebu fikiri: hilo ndilo lililokuwa darasa la kwanza la ng'ambo kupokea mnyama wa Australia, na lilipokea ngozi kavu bila mtu wa kueleza. Wenyeji asilia walikuwa wamesema kwamba mnyama huyo hutaga mayai. Wasomi wa Ulaya hawakuwasadiki, wakabishana wao kwa wao kwa miongo mingi, hadi mwaka 1884 ambapo William Caldwell, akisaidiwa na wenyeji haohao, alipothibitisha kwamba ni kweli. Takriban miaka 85 ilipotea kwa sababu waliojua hawakuulizwa, na walipojieleza hawakuaminiwa.

Ni kwa sababu hiyo ninashikilia kwamba video ya mtoto isiyotaja wenyeji asilia ni video pungufu, hata iwe na picha nzuri namna gani. Majina yenyewe ya wanyama hao ni yao. Kapteni Cook na wenzake walilisikia neno gangurru mnamo 1770 kando ya mto ambao Waingereza waliuita Endeavour, kaskazini mwa Queensland, kutoka kwa watu wasemao lugha ya Guugu Yimithirr. Baadaye kukazuka hadithi kwamba neno hilo lilimaanisha "sielewi", eti mwenyeji aliulizwa jina la mnyama naye akajibu kwamba haelewi anachoulizwa. Hadithi hiyo ingali inasimuliwa, na watoto huipenda. Nayo ni uongo. Katika miaka ya 1970 mwanaisimu John Haviland alifanya kazi na wasemaji wa lugha hiyo na kuonyesha kwamba gangurru ni jina halisi la aina moja ya kangaruu. Mwenyeji aliulizwa swali, akalijibu barabara. Wajinga hawakuwa upande wake.

Majina ya koala, wombati, walabi na dingo yametoka kwa Wadharug wa sehemu za Sydney. Jina la kukabara, yule ndege wa jamii ya mdiria ambaye sauti yake ni kama kicheko cha mlevi, limetoka kwa Wawiradjuri. Jina la kwoka limetoka kwa Wanyungar wa kusini-magharibi. Sisi ambao neno letu safari limezunguka dunia nzima, likabandikwa kwenye magari, viatu na mikoba bila anayelitumia kujua ni la nani, tunajua uchungu mdogo ulio katika jambo hilo. Hauui mtu, lakini upo. Mtoto akitumia sekunde kumi kusema jina hili ni la watu fulani, na wangali hai, na shule yangu imejengwa katika ardhi yao, atakuwa amewafundisha wenzake wa ng'ambo jambo ambalo Shaw hakufundishwa.

Nije sasa kwenye postikadi. Mtoto anapoambiwa amweleze koala, hatari ni kwamba atamweleza kama mwanasesere. Atasema ana masikio ya manyoya, hulala hadi saa ishirini kwa siku, si dubu ingawa wengi humwita dubu, na hukumbatia mti. Yote hayo ni kweli. Lakini kweli nyingine ni kwamba mnamo Februari 2022 serikali ya Australia ilimtangaza koala kuwa mnyama aliye katika hatari ya kuangamia katika Queensland, New South Wales na eneo la mji mkuu. Miti yake imekatwa ili mitaa ijengwe, magari humgonga usiku, mbwa humrarua, na maradhi yanayomfanya kipofu na tasa yameenea. Kisha moto. Katika kiangazi cha 2019 na 2020 misitu iliungua kwa miezi, na shirika la WWF lilikadiria kwamba karibu wanyama bilioni tatu waliuawa au kufukuzwa makwao. Mtoto aliyekuwa na miaka mitatu wakati huo leo yuko katika umri wa kutengeneza video hizi. Huenda alivaa barakoa kwa ajili ya moshi. Kumwambia asimame mbele ya kamera na kusema koala ni mnyama apendezaye, basi, ni kumtaka awe mwongo wa kuacha nusu ya maneno.

Kuna mnyama mmoja ambaye ningependa kila darasa la namna hii limchague, angalau mwanafunzi mmoja. Ni thailasini, mnyama mla nyama mwenye mfuko, umbo kama la mbwa, na michirizi myeusi mgongoni. Alikuwa akiishi Tasmania. Wafugaji wa kondoo walimchukia, na tangu 1888 hadi 1909 serikali ya kisiwa hicho ilimlipa kila aliyemuua. Zawadi zaidi ya 2,000 zililipwa. Mnamo Julai 10, 1936, sheria ya kumlinda ilipitishwa. Mnamo Septemba 7 mwaka huohuo, siku 59 baadaye, wa mwisho ajulikanaye alikufa katika bustani ya wanyama mjini Hobart. Siku hiyo sasa huadhimishwa kila mwaka nchini Australia kuwa siku ya viumbe walio hatarini.

Lakini ninayemtaja si kwa huzuni tu. Mnamo Desemba 1933 mtaalamu kijana, David Fleay, aliingia ndani ya ua wa bustani hiyo akiwa na kamera, akamrekodi thailasini akitembea, akipiga miayo, akilala chini. Ni filamu ya dakika moja hivi, isiyo na sauti. Inasemekana mnyama alimuuma Fleay matakoni alipokuwa ameinama nyuma ya kamera yake. Leo mtu yeyote anayetaka kujua jinsi thailasini alivyotembea au alivyofungua kinywa chake kipana ajabu, hana pa kwenda ila kwenye filamu hizo chache. Fleay hakujua kwamba anawapigia picha watu ambao hawangekuwa na mahali pengine pa kumwona. Mtoto wa leo anayemrekodi chura mdogo wa kijito nyuma ya shule yao hajui pia.

Wako wanaopinga. Husema watoto wadogo wasitwishwe mizigo ya vifo na maangamizi, wala wasiaibishe nchi yao mbele ya wageni. Hoja ya kwanza naiheshimu. Ya pili siiheshimu. Kuhusu ya kwanza, aliyewahi kukaa na watoto wa miaka tisa anajua kwamba hawaogopi habari za maafa nusu ya wanavyoogopa watu wazima. Kinachowasumbua ni kufichwa. Wape kisa cha chura wa miwa uone. Mnamo 1935 wataalamu wa sukari walileta vyura wapatao mia moja kutoka Hawaii hadi Queensland ili wale mbawakawa walioharibu miwa. Vyura hawakuwashughulikia mbawakawa hao. Walikula vingine vyote, wakazaana, wakatembea, na hadi leo bado wanasonga mbele magharibi mwa bara. Wana sumu ngozini, na wanyama wa kienyeji wanaowala, kama vile kwoli wa kaskazini, hufa. Kisa hicho kina kila kitu akipendacho mtoto: chura, sumu, na watu wazima wenye vyeo waliofanya kosa kubwa. Wataalamu wamejaribu hata kuwafunza kwoli kumchukia chura huyo kwa kuwapa vipande vya nyama yake vilivyotiwa dawa ya kuwachefua. Mtoto akieleza hayo kwa ufasaha kwa watoto wa Indonesia, atakuwa amefafanua uhusiano wa viumbe na mazingira kuliko mchoro wowote ubaoni.

Na ikiwa ni aibu, mbona ni aibu ya kawaida? Sungura nao waliachwa huru katika jimbo la Victoria mnamo 1859 na bwana mmoja, Thomas Austin, aliyetaka kitu cha kuwinda. Nchi ikaishia kujenga ua wa kuwazuia uliopita Australia Magharibi kwa zaidi ya kilomita 1,800. Tangu mwaka 1788, Wazungu walipotia nanga, aina zaidi ya 30 za mamalia zimetoweka Australia, na sehemu kubwa ya lawama ni ya paka na mbweha walioletwa. Hakuna mtoto aliyefanya hayo. Anayeeleza historia hatubu dhambi.

Hata hivyo, nisije nikaeleweka kwamba nataka kila video iwe matanga. La hasha. Kwa maoni yangu video bora kuliko zote si zile za wanyama mashuhuri wala za wanyama waliokufa. Ni zile za wanyama ambao mtoto anawaona kila siku na ambao hakuna anayewaweka kwenye postikadi. Katika vitongoji vya Sydney kuna kasuku weupe wakubwa wenye kishungi cha manjano. Kasuku hao wamejifunza kufungua mapipa ya taka. Ndege hushika mfuniko kwa mdomo, huuinua, hutembea ukingoni mwa pipa mpaka mfuniko upinduke, kisha hujipakulia. Watafiti walipowauliza wakazi, walikuta kwamba kabla ya 2018 jambo hilo lilikuwa limeonekana katika vitongoji vitatu tu. Kufikia mwisho wa 2019 lilikuwa limefika 44. Ndege walikuwa wakifunzana. Utafiti huo ulichapishwa mnamo 2021, na haungewezekana kama watu wa kawaida hawangesema walichokiona vibarazani mwao. Mtoto wa Sydney ambaye mama yake ameweka tofali juu ya pipa ana habari ambayo hakuna mwenzake wa ng'ambo aliye nayo. Hahitaji kuifungua ensaiklopidia.

Vivyo hivyo ndege wa rangi nyeusi na nyeupe wanaoitwa magipai. Kila majira ya kuchipua, Septemba hivi, baadhi ya madume huwashambulia wapita njia karibu na viota, na watoto waendao shule kwa baiskeli huchomeka vijiti vya plastiki kwenye kofia zao ngumu vikasimama kama miiba ya nungunungu, wakitumaini ndege ataogopa. Kama vinasaidia ni shauri jingine. Lakini mtoto aliyevaa kofia ya namna hiyo akisimama mbele ya kamera, na akaeleza kwamba ndege huyo hamchukii bali analinda makinda, na kwamba ni madume wachache tu wafanyao hivyo, huyo atasikilizwa hadi neno la mwisho.

Na asije mtu akasema macho ya watu wa kawaida hayana thamani katika elimu. Kwa miaka mingi vitabu viliandika kwamba koala hanywi maji, kwamba majani ya mkaratusi humtosha. Mnamo 2020 ulichapishwa utafiti ulioonyesha kwamba mvua inaponyesha koala hulamba maji yanayotiririka juu ya shina la mti. Ushahidi mwingi ulitokana na watu walioitazama misitu ya You Yangs, karibu na Melbourne, tangu 2006 hadi 2019, wengi wao wakiwa raia wa kujitolea. Walisimama wakati wa mvua, wakaangalia juu. Jumba la makumbusho la Australia nalo tangu 2017 limekuwa likipokea sauti za vyura zinazorekodiwa na watu kwa simu zao, na kuzitumia kujua ni vyura gani waishio wapi. Mwanafunzi wa darasa la nne anaweza kufanya hivyo leo jioni.

Kuna mambo mawili ambayo walimu hawana budi kuyaangalia kwa makini. La kwanza ni mnyama mwenyewe. Kamera humtia mtu kiburi. Mnamo Machi 2025 Mmarekani mmoja mwenye wafuasi wengi mitandaoni alimnyakua mtoto wa wombati kando ya barabara usiku, akakimbia naye mbele ya kamera huku mama yake akimfuata. Waaustralia wakaghadhibika hata yeye akaondoka nchini. Watoto waliiona video hiyo. Wafunzwe kwamba mnyama hashikwi, hafukuzwi, halishwi mkate ili akae vizuri kwenye picha. Asipojitokeza, mtoto aonyeshe shimo lake, nyayo zake, au kinyesi chake. Kinyesi cha wombati, kwa taarifa ya msomaji, kina umbo la mchemraba, na sijui mtoto wa nchi yoyote ambaye hatapendezwa na habari hiyo.

La pili ni mtoto. Tangu Desemba 10, 2025, sheria ya Australia imezitaka kampuni za mitandao ya kijamii ziwazuie walio chini ya miaka 16 kuwa na akaunti. Ziko hoja za kuunga mkono sheria hiyo na za kuipinga, nami sitaingia humo leo. Lakini video zinazopelekwa kwa darasa moja, kupitia kwa walimu wawili wanaojuana, zinaonyesha kwamba kuna njia ya kutumia chombo hicho bila kumtupa mtoto sokoni. Anajua anasema na nani. Watazamaji ni 25 au 30, wana majina, na watamjibu. Hahesabu wangapi wamempenda. Yule asiyetaka sura yake ionekane aonyeshe mikono yake tu ikichora, asikike sauti. Kazi itakuwa ileile.

Wale wanaolalamika kwamba video zinaua uandishi, nawaomba wakae na mtoto mmoja anayetayarisha maelezo ya dakika mbili. Dakika mbili ni kama maneno mia mbili na hamsini. Ataandika mia tano, aambiwe apunguze nusu. Hapo ndipo anapojifunza ni lipi la muhimu na lipi la kupambia, somo ambalo baadhi yetu tunaoandika magazetini hatujalimaliza.

Sehemu ambayo mara nyingi hupewa muda mchache ni majibu. Video zikishatumwa, walimu huona kazi imekwisha, wakarudi kwenye hesabu. Kumbe hapo ndipo ingeanza. Darasa la ng'ambo litauliza maswali, na mengine yatakuwa ya kuudhi. Je, ni kweli mnamla kangaruu? Ni kweli. Nyama yake huuzwa madukani, naye yumo katika nembo ya taifa, akiwa ameikabili ngao pamoja na emu. Mwanafunzi ajibu hivyo bila kupepesa macho. Sisi tuna jogoo katika nembo yetu, na Jumapili hasalimiki.

Maswali mengine yatamshinda hata mwalimu. Mnamo 2020 watafiti waliwamulika platipasi waliohifadhiwa katika makumbusho kwa taa ya miale isiyoonekana kwa jicho, wakakuta manyoya yao yanang'aa rangi ya kijani na samawati. Mtoto wa Japani bila shaka atauliza: yanang'aa kwa ajili gani? Mwanafunzi wa Australia atamtazama mwalimu, mwalimu atatafuta, na hatapata jibu, kwa kuwa wataalamu wenyewe hawajalipata. Basi mtoto asimame tena mbele ya kamera aseme kwamba bado halijulikani. Na mwalimu asiikate sehemu hiyo.